Kenya ya wapi? Kisa cha shemeki wangu na garanti ya miezi sita

Mwenye nyumba aliweka kidole kwenye kadi ya kura ya shemeki wangu, pale kwenye adresi, akasoma polepole kama mwalimu wa primeri: Lubumbashi, Kenya. Alafu akainua kichwa akaniangalia mimi, si yeye mwenye kadi, akasema, "Sa unaona mwenyewe, iko imeandikwa." Na mimi ndo nilikuwa nimemuambia shemeki njiani abebe ile kadi, juu niliamini ikitoka tu mfukoni maneno yote yanaisha.

Ni Goma hii, mashariki ya Kongo, kartie ya Majengo, Februari 2023. Nimekaa nacho hiki kisa muda mrefu nikikizungusha kichwani, na kila mara nikikisimulia watu wanacheka pale kwenye kadi alafu wanasahau mengine, sasa wacha nikifungue chote, juu mi naona kadi ilikuja kumalizia tu kitu ambacho masikio yalikuwa yameshaanza.

Shemeki ni fundi wa frigo, yani friji. Amezaliwa Lubumbashi, na kama unajua Lubumbashi, kule kusini ya Kongo, unajua kuna komuni zake, yani wilaya za ndani ya mji: Kampemba, Katuba, Kamalondo, Rwashi, Annexe, komuni yenyewe ya Lubumbashi, na kuna Kenya. Ndiyo, Kenya. Si jina la utani, ni komuni kabisa, na burgumestre wake, mkuu wa komuni, na soko lake kubwa, na uwanja wa mpira wa Kibassa Maliba uko hapo hapo. Mtoto wa pale akiulizwa anatoka wapi anasema "niko wa Kenya" vile mtu wa Birere hapa Goma anasema niko wa Birere, hakuna kitu anachowaza. Yaya yangu, dada yangu mkubwa (kwetu yaya ni mkubwa wako, wa kike ao wa kiume), alisomea kule, wakaoana, alafu yaya akapata kazi Goma, wakaja kwa ndege Januari na mtoto mmoja na valizi tatu, wakalala kwenye salon ya mama huku Ndosho, na mnajua vile mtu mzima anasikia kulala kwenye salon ya mama mkwe.

Komisionere, yule dalali wa nyumba, akawapatia nyumba ya mbao, vyumba viwili na salon, maji ndani ya parcelle (kiwanja), dola 80 kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu, ile pesa ya kodi inayokaa kwa mwenye nyumba mpaka unahama. Sasa shikeni hapa juu hii ndo inafanya kisa kiwe cha kuchambua na si cha kuchekesha tu: bei ilikubaliwa kwenye simu, na aliyeongea kwenye simu alikuwa yaya. Mdomo wa Goma, mdomo wa mtoto wa mji. Mwenye nyumba akasema sawa mama, mutume mutu akuje na franga. Kesho yake tukaenda mi na shemeki, nyumba ile ile, pesa ile ile iko mfukoni. Kilichobadilika ni mdomo tu.

Mzee alitupokea vizuri kabisa. Tukakaa kwenye viti vya plastiki juu ya yale mawe ya volkano, na shemeki, ambaye ni mtu wa kuongea, akaanza kusifu parcelle. Akasema balabala iko karibu, ni muzuri. Akauliza kama kuran, yani umeme, inaendaka sana. Mzee akamuambia inapotea mara moja moja, shemeki akajibu, "Okei bosi, hakuna plobulemu, miye niko fundi." Nikaona mzee amepunguza tabasamu kidogo. Akauliza, "Weye kijana, we ni wa wapi?"

"Niko wa Kenya, papa."

Mi nikafunga macho.

"Wa ku Nairobi?"

Shemeki akacheka, akafikiri ni mchezo. "Apana papa, Kenya ya kwetu, ya ku Lubumbashi."

Mzee hakucheka. Akasema yeye amezaliwa Kongo, amezeeka Kongo, na hajasikiaka Kenya ingine. Ndo hapo nikamuambia shemeki atoe kadi, na mengine nimeshawaambia. Garanti ikawa miezi sita. Dola 240 zikawa 480 ndani ya dakika kumi. Nikajaribu kusema mzee, kwenye hiyo kadi juu kabisa imeandikwa République Démocratique du Congo, akanijibu kwa upole, na huu upole ndo uliniumiza, "Mwanangu, kadi bananunuaka."

Sasa tuingie ndani.

Kwanza ule wakati. Kongo iliingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Novemba ya mwaka huo huo wanajeshi wa Kenya wakafika Goma na ile force ya jumuiya. Mwanzo watu waliwapigia makofi barabarani. Ilipofika mwanzo wa Februari 2023 makofi yalikuwa yameisha, vita na waasi wa M23 ilikuwa inasukuma upande wa Sake, karibu na Goma, vijana waliandamana mjini wakisema hii force imekuja kutembea tu, maduka yakafungwa, matairi yakawaka. Shemeki wangu ameenda kutafuta nyumba siku chache baada ya hapo. Yani kama angekuja Goma mwaka 2019 akasema niko wa Kenya, mzee angemuuliza tu habari za Nairobi na bei ya magari. Neno ni lile lile, ila liliukuta mji uko na homa.

Ila angalieni mzee alifanya nini na ule woga. Hakusema toka. Hakusema sipangishi Mukenya, vijana watanichomea nyumba. Alipandisha garanti. Woga wake ulikuwa na bei, na ile bei ilikuwa imechanganya vitu viwili, juu Mukenya mwaka ule alikuwa mtu wa hatari na tena mtu wa dola. Kama ungemuuliza mzee ni kipi kati ya hivyo viwili kilimfanya aseme sita na si nne, nadhani yeye mwenyewe asingejua. Simsemi vibaya, mzee ni mtu mzuri, tunasalimiana mpaka leo. Lakini nimegundua mtu akikusikia wewe ni mgeni, mara nyingi hakuchukii, anahesabu tu.

Alafu kuna lafudhi yenyewe, na hapa lazima niwe mkweli: shemeki kweli anasikika tofauti. Mi mwenyewe siku ya kwanza alipofika kwetu nilimuambia kwa mchezo apunguze huo mdomo wake. Anasema balabala, sisi tunasema barabara. Anasema moya, mjini kwetu wengi tunasema moja. R na L kwake ni ndugu wanaokopeshana nguo. Na sauti yake inashuka mwishoni mwa sentensi mahali sisi tunaivuta juu. Kiswahili cha Lubumbashi kimekua kivyake, mji ule ulianza 1910 na reli ilipofika ilitokea kusini, upande ambao leo ni Zambia, si upande wetu. Watu wa migodi ya Union Minière waliletwa kutoka huku na huku, Wabemba, Waluba, watu wa Kasai, watu wa Maniema, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili ndo kikawa meza ya wote. Sisi huku Kivu Kiswahili chetu kimekaa karibu na mipaka mingine, kimekula chumvi nyingine. Wote tunaita Kiswahili cha Kongo lakini ni kama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, jani ni moja na kila nyumba iko na mafuta yake.

Na kuna hesabu moja ambayo niliipiga kwenye ramani baadaye nikabaki nacheka peke yangu. Kutoka Goma mpaka Nairobi, ukinyoosha kamba, ni kama kilomita 840. Kutoka Goma mpaka Lubumbashi ni zaidi ya 1,100. Mzee hakuwa mjinga. Nairobi iko karibu naye kuliko Lubumbashi! Bidhaa za Mombasa zinafika Goma kwa kamioni, video za wachekeshaji wa Kenya ziko kwenye simu ya kila kijana, na wale wachekeshaji wanapenda sana ule mchezo wa Wakikuyu wa kubadilisha R na L. Kwa hiyo mzee aliposikia balabala na plobulemu, sikio lake lilikimbia mahali lilishawahi kufika. Mtu wa Lubumbashi alikuwa hajamsikia labda miaka kumi. Barabara ya moja kwa moja ya kumleta haikuwepo, alikuwa anakuja na ndege mwenye nafasi.

Alafu kuna zile okei na bosi. Watu wa Goma tukichanganya tunachanganya na Kifaransa, donki, vrema, deja. Mtu wa hapa akiweka Kiingereza katikati tunajua kuna mahali amepita. Shemeki amepita Kasumbalesa, miaka sita, mpaka wa Zambia, akitengeneza frigo za kamioni zinazopanda na samaki wa baridi kutoka Namibia na Afrika Kusini. Madereva wa kule wanaongea Kibemba na Kiingereza, na fundi anaongea lugha ya mteja. Kwa hiyo ile okei ilikuwa ya Zambia kabisa, imetoka kusini, ila mzee wa Majengo atajuaje? Kwake Kiingereza na Kiswahili vikikaa mdomo mmoja ni Kenya, labda Uganda.

Mpaka hapa mnaweza kusema basi mzee alikuwa na sababu, R na L, okei, bosi, na mtu mwenyewe kakiri ni wa Kenya. Na mi nilikuwa nimefika hapo hapo nikataka kufunga dosie. Kilichonifungua macho ni kitu mzee alinisemea mwezi wa tatu, tumeshakuwa marafiki, tunangojea mvua iishe. Akaniambia, "Mi nilijua tangu mwanzo, juu alikuwa anasema nafanyanga, naendanga, vile benyewe banasemaka."

Shemeki hajawahi kusema nafanyanga maisha yake yote. Nimemuuliza, nimemsikiliza wiki nzima makusudi kama polisi. Anasema nafanyaka, naendaka, kama mimi, kama mzee mwenyewe, mmeona kwenye sentensi ile ile ya mzee ametumia -ka mwishoni bila kujijua! Ile -anga ni ya Kenya kweli, na -ka ni yetu, ya Kongo, kuanzia Goma, Bukavu, mpaka kule chini Lubumbashi. Hiyo ndo ilikuwa alama ya nyumbani, imekaa mdomoni mwa shemeki wazi kabisa, kumbuka aliuliza kama kuran inaendaka. Mzee aliisikia, akaibadilisha, akaiweka kwenye ushahidi upande wa pili.

Kwa hiyo mi sisemi tena kwamba lafudhi ilimponza shemeki. Nadhani ilitokea hivi: ile L na ile okei zilimpa mzee wasiwasi mdogo, wa kawaida, ndo akauliza we ni wa wapi. Jina la Kenya likaufunga ule wasiwasi na kufuli. Na baada ya kufunga, kila neno la shemeki likawa la Kinairobi, hata yale ambayo mama wa mzee mwenyewe angeyasema. Kadi nayo ikaingia kwenye ule mlango ulioshafungwa, unategemea isome nini zaidi ya Kenya?

Na siwezi kumnyooshea mzee kidole sana juu nasi tunajua upande wa pili. Sisi wa Goma tukifika Kinshasa hatujamaliza hata kusema mbote tunaulizwa kama tumetoka Rwanda, na swali lile si la mchezo, kuna miaka limekuwa swali la kutisha. Naandika hii sentensi taratibu. Mtu wa mpakani anafundishwa tangu mtoto kusikiliza midomo, anapima nani ni wa huku nani wa ng'ambo, na siku anayopimwa yeye ndo anashangaa mizani iko mbovu.

Turudi kwenye nyumba. Kosa langu la pili, juu la kwanza ni lile la kadi, lilikuwa kumuambia shemeki tukirudi aongee Kifaransa peke yake. Nilifikiri Mukenya hajui Kifaransa, itakuwa imeisha. Tukarudi siku ya tatu, safari hii na yaya, shemeki amenyooka kwenye kiti anaongea Kifaransa cha shule kama anaomba kazi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akageuka kwangu: "Kifaransa hata Murundi anasemaka." Na kusema ukweli ilikuwa mbaya zaidi, juu mtu anayekimbia Kiswahili mbele ya mzee wa Goma anaonekana anaficha kitu. Yaya akaanza kupandisha sauti, nikaona sasa tunaikosa nyumba na heshima pamoja.

Aliyetuokoa ni mama mwenye nyumba. Alikuwa kwenye mbabula, jiko la makaa, upande wa nyuma, hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Akatoka na sahani, akatuambia tukaribie kwanza tule, mambo ya nyumba haikimbie. Shemeki, amechoka na Kifaransa, njaa inamuuma, yule mtu wa kweli akatoka peke yake: "Aksanti mama, ni siku mingi siyakula bukari ya moto hivi. Mwe bantu, na kasombe!"

Mama akasimama. "Umesema bukari?"

Kumbe huyu mama alikaa Kolwezi utoto wake, kwa baba yake mdogo aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Ugali huku kwetu utasikia bugali, utasikia fufu, lakini bukari, na lile mwe bantu la kushangaa pamoja nayo, hiyo inatoka sehemu moja. Ila hakusema kitu kwa bwana yake. Aliweka sahani chini, akamuuliza shemeki swali moja tu, na nakuambieni hakuna ofisi ya uhamiaji imewahi kutunga swali zuri kama lile: "Weye ni Mazembe ao Lupopo?"

Hizo ni timu mbili za mpira za Lubumbashi. Shemeki akainamisha kichwa. "Lupopo, mama."

Mama akageuka kwa bwana yake akasema huyu ni mtoto wa Lubumbashi, muache. Mzee akauliza amejuaje. Akamjibu, Mazembe mwaka 2010 ilicheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan, hata mtu wa Nairobi anaijua, hata Mjapani, mtu wa uongo angesema Mazembe. Nani mzima anaweza kusingizia Lupopo?

Mi nimefanya kazi na makaratasi, najua maana ya ushahidi, na sijaona ulio safi kama huo. Kadi ni kitu unachoonyesha ili uaminiwe, ndo maana inashukiwa. Huzuni ya timu inayoteseka mbele ya jirani huwezi kuinunua sokoni. Na shemeki hakuisema ili apate nyumba, aliulizwa akaumia tu.

Garanti ikashuka. Haikurudi mitatu, ikawa minne, juu mzee alisema hawezi kurudisha neno lake lote mbele ya wageni, na yaya akanibana mguu nisibishane. Ile dola 80 ya ziada iko bado kwa mzee, na siku watakayohama tutaona.

Shemeki kuanzia pale akaamua hasemi tena Kenya. Motari, dereva wa pikipiki, akimuuliza, muuza krediti akimuuliza, anasema niko wa Katuba. Inamuuma, juu Katuba ni jirani na watu wa Kenya na wa Katuba wana maneno yao ya tangu zamani, lakini akasema bora aibu kuliko garanti. Mwaka mzima akawa mtu wa Katuba. Mpaka Jumapili moja baada ya misa, jamaa mmoja akamsikia anaongea na mtoto wake, akamkimbilia na mikono wazi, "Mwe bantu, we ni wa ku Lubumbashi! Komuni gani?"

"Katuba."

"Eeh! Miye ni wa Katuba! Avenue gani?"

Shemeki akaangalia chini, akaangalia yaya, akaniangalia mimi. Jamaa uso ukaanza kubadilika, ile ile ya mzee, naijua sasa, macho yanapungua kidogo. Ikabidi.

"Kusema kweli, yaya, niko wa Kenya."

Jamaa akamkazia macho.

"Kenya ya ku soko ao ya ku stade?"